Laki Nane na Nusu, Watu Wawili, Siku Sita: Kisa cha Safari ya Unguja

Tuchukue walimu wawili wa sekondari wanaoishi Dodoma, wanawake wote wawili. Likizo ya Juni imefika, na kwa pamoja wana shilingi 850,000. Fedha hizo ziwatoe nyumbani, ziwavushe bahari, ziwalaze mara tano na kuwarudisha. Hawataki kampuni ya utalii wala kifurushi cha mtu. Kila kitu watajipangia wenyewe. Kisa ni cha kutunga, lakini kila kosa lililomo hufanywa kila msimu, tena na watu wenye hesabu safi kwenye daftari.

Mpango wao wa kwanza ulikuwa kulala mara moja Mji Mkongwe, mara mbili Nungwi, mara moja Paje na mara moja Kizimkazi kwa ajili ya pomboo. Hesabu waliiandika hivi:

Treni, kwenda na kurudi: 124,000
Boti, kwenda na kurudi: 140,000
Vyumba, malazi matano: 250,000
Nauli za kisiwani: 20,000
Chakula: 100,000
Matembezi ya baharini: 150,000
Jumla: 784,000

Zinabaki 66,000. Nauli ya treni ni ile ya daraja la kawaida la SGR, reli ya kisasa, kati ya Dodoma na Dar es Salaam, 31,000 kwa mtu mzima kama ilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024. Boti wamekadiria 35,000 kwa kila mmoja kwa kila safari. Hapo hakuna tatizo. Vyumba navyo wamevitafuta kwa bidii, wakashindanisha bei hadi elfu tano tano. Kasoro iko kwenye ule mstari waliouandika haraka kuliko yote, wa nauli za kisiwani.

Pweza mwenye kichwa mjini

Gari za abiria za Unguja zimekaa kama pweza: kichwa kiko mjini, mikono imetawanyika kwenda mashamba. Namba 116 inakwenda Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 206 Chwaka, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Ncha za mikono hiyo hazigusani. Aliyeko Nungwi akitaka Paje hakati kisiwa kwa pembeni. Anarudi mjini, anabadilisha kituo, anasubiri gari lijaze, kisha anaanza upya. Kwenye ramani ni kipande kifupi cha pwani. Kwa gari ni nusu ya siku nzima, na ukitoka umechelewa unaweza kufika mjini gari za mwisho za shamba zikiwa zinakaribia kuondoka, maana kufikia saa kumi na mbili jioni zimeshapungua sana.

Sasa yule mtu aliyechoka, jua limemchoma na begi liko mgongoni, hufanya nini? Anaita teksi. Dereva akitaja laki moja na zaidi kutoka Nungwi hadi Paje, hajamwonea: anatoka ncha ya kaskazini hadi pwani ya kusini-mashariki, na kuna uwezekano mkubwa arudi mtupu. Teksi moja ya namna hiyo inameza akiba yote ya 66,000 na kuanza kula ya chakula. Na mpango huu una mihamo ya aina hiyo miwili, kwa sababu kutoka Paje kwenda Kizimkazi nako ni kushuka njia panda ya Kitogani na kusubiri gari nyingine ambayo huenda ikapita imejaa.

Ndiyo maana sisi huhesabu mihamo kabla ya kuhesabu vyumba. Chumba cha 40,000 badala ya 50,000 kinaokoa elfu kumi. Kufuta mhamo mmoja kunaokoa nauli, kunaokoa teksi ya dharura, na kunarudisha nusu siku ambayo tayari umeilipia chumba. Kwa malazi matano, makazi yawe mawili tu: mji na pwani moja.

Kizimkazi imefutwa kwanza. Msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mwenye kupenda historia ana haki ya kuufuata. Lakini walimu hawa walikuwa wanafuata pomboo, na pomboo wa Kizimkazi mara nyingi hufukuzwa na boti kadhaa kwa wakati mmoja, watu wakirukia maji juu ya vichwa vyao. Ni fedha nyingi kwa kitu ambacho hakimpendezi pomboo wala mtazamaji.

Nungwi au Jambiani: swali la maji, si la uzuri

Hapa ndipo wageni wengi wa bara hukosea, na sababu yake ni picha. Picha za pwani ya mashariki hupigwa maji yamejaa. Mgeni anafika saa nne asubuhi, anakuta bahari imekwenda zake, kumebaki mchanga, majani ya bahari na madimbwi hadi karibu na mwamba wa nje. Anadhani amedanganywa.

Hajadanganywa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka na siku moja mbili baada yake, tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu inaweza kukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, ina uwanda mpana wa kina kifupi kabla ya mwamba, kwa hiyo mita hizo chache za kimo zinageuka kilomita moja au zaidi ya mchanga mtupu. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji yana kina karibu na ufukwe, na mtu anaoga karibu saa yoyote.

Kuna jambo moja linalorahisisha mipango, na wavuvi wanalijua bila jedwali. Unguja siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi na tena usiku, na hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu na saa nne au tano asubuhi na kupwa jioni, ila hayaendi mbali. Kwa hiyo ukijua mwezi uko wapi siku ya kufika, umeshajua utaoga saa ngapi. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inatosha: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu, kwa kukadiria. Kwa saa kamili tafuta jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Walimu wetu watafika pwani siku mbili baada ya mwezi kupevuka. Maji yatakuwa yamejaa mnamo saa kumi na moja alfajiri na tena kama saa kumi na moja na nusu jioni, na kila siku yatachelewa kidogo. Kuoga ni asubuhi mapema, na jioni kuanzia saa tisa na nusu. Katikati ya siku bahari iko nje, na huo ndio wakati wa kutembea hadi kwenye mashamba ya mwani. Vile vijiti na kamba ni mali ya mtu, wengi wao akina mama wa kijiji. Pita pembeni, na usinyanyue simu kuwapiga picha kabla ya salamu na ruhusa. Vaa viatu, hata yeboyebo zinatosha, maana kwenye mawe kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukikatikia kwenye nyayo safari ya siku mbili imekuwa ya kuchechemea.

Uamuzi wetu ni Jambiani. Nungwi inashinda kwa kuoga, hilo halina ubishi, na angekuwa mtu anayetaka kuoga mchana kutwa tungemwambia akae Nungwi siku zote nne asiguse kwingine. Lakini Nungwi imejaa hoteli, na kupata chumba cha bei ya chini karibu na maji kunachosha. Jambiani ni kijiji kirefu kando ya bahari, nyumba za wageni ndogo zimechanganyika na nyumba za watu, na mama wa kukupikia wali na mchuzi wa pweza yuko jirani. Tena barabara ya kwenda huko inapita kwenye lango la Jozani, na hilo lina faida yake hapo chini.

Onyo moja la Juni: upepo ni wa kusi. Unavuma kutoka kusini-mashariki moja kwa moja kwenye pwani hiyo, unasukuma majani ya bahari ufukweni na kuyachafua maji baadhi ya siku. Paje wanaupenda kwa sababu ya michezo ya tiara. Anayetaka bahari ya kioo aje kaskazi imetulia, Januari au Februari, na akubali bei za msimu huo.

Mpango uliosahihishwa

Siku ya kwanza ni treni na boti, kulala mjini. Siku ya pili asubuhi kutoka mjini, kushuka Jozani, kisha kuendelea Jambiani na kulala huko mara tatu. Siku ya tano kurudi mjini mchana na kulala. Siku ya sita boti ya asubuhi, treni, nyumbani.

Treni: 124,000
Boti: 140,000
Vyumba, mjini mara mbili kwa 50,000 na Jambiani mara tatu kwa 45,000: 235,000
Nauli za kisiwani: 30,000
Chakula, 12,000 kwa kila mtu kwa siku sita: 144,000
Jozani na safari moja ya ngarawa au boti kwenye mwamba: 60,000
Jumla: 733,000
Akiba: 117,000

Akiba hiyo haikuchaguliwa kwa sababu ni asilimia fulani. Imepimwa kwa balaa moja linaloweza kutokea kweli: kukosa boti. Ukikosa boti unalipa chumba kimoja zaidi, chakula cha siku moja kwa watu wawili, na pengine gharama ya kubadilisha tiketi. Hesabu yake ni laki moja na kitu.

Siku ya kwanza ndiyo ya hatari

Treni kutoka Dodoma hadi Dar hutumia kati ya saa tatu na nusu na nne. Boti za kasi huvuka kwa takriban saa mbili, na ya mwisho ya siku huondoka Dar mnamo saa kumi jioni. Anayepanda treni ya mchana akitegemea boti ya mwisho amejinyima nafasi ya kupumua: treni ikichelewa kidogo tu, analala Dar. Wachukue treni ya mapema asubuhi na walenge boti ya mchana, ile ya mwisho ibaki kuwa ya kuwaokoa. Mwenye shangazi Mbagala anaweza kushuka Dar jana yake, lakini ahesabu foleni ya asubuhi kutoka Mbagala.

Stesheni ya SGR na gati la boti za Zanzibar viko karibu, mwendo mfupi wa bajaji, au wa miguu kwa mwenye begi jepesi. Tiketi ya boti inunuliwe dirishani kwa kampuni yenyewe au kwenye mfumo wake wa simu, kitambulisho cha NIDA au pasipoti mkononi, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Vijana wanaokushika mkono nje ya geti wakisema boti imejaa ila wao wanazo nafasi, waambie ahsante na uendelee kutembea. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili za bahari, kwa hiyo kikapu au mfuko wa kitambaa.

Begi lisizidi lile unaloweza kulipakata. Hii si nasaha ya urembo. Gari ya shamba inajaza watu, na begi kubwa linapandishwa juu au linalipiwa kiti.

Unguja bandarini utakutana na mapapasi, vijana wa kuwapeleka wageni hotelini. Si watu wabaya, wanatafuta riziki. Ila kamisheni yao hutoka kwa mwenye chumba, na mwenye chumba huitoa kwako. "Nimeshafikia, ahsante ndugu yangu" inatosha, ikisemwa kwa utulivu na bila kusimama. Nyumba ya kulala iwe imeshapatikana kabla, katika Mji Mkongwe au hata nje yake kidogo, Vikokotoni au Mlandege, ambako bei hushuka na soko la Darajani bado ni mwendo wa miguu.

Jinsi ya kupata chumba kwa bei ya mwananchi

Mitandao ya kuhifadhi vyumba huonyesha bei ya dola, bei ya mgeni. Itumie kupata majina na kuona malalamiko ya waliolala, kisha piga simu. Sauti ya Kiswahili peke yake hubadilisha mazungumzo. Anza kwa salamu kamili, usikurupuke na bei: "Assalaam alaykum. Naulizia chumba cha watu wawili, tunatoka Dodoma, ni walimu. Bei ya mwananchi ni kiasi gani?" Kisha uliza bei hiyo ni ya chumba au ya kichwa, maana hapo ndipo ugomvi wa asubuhi ya kuondoka huzaliwa. Uliza kama chai ya asubuhi imo, kama chandarua na feni vipo, kama maji ya bombani ni ya chumvi, na kutoka barabara ya gari hadi mlangoni ni hatua ngapi.

Malipo ya awali yawe ya siku moja tu, na kabla ya kubonyeza namba ya siri, jina linalotokea kwenye simu lilingane na lile la nyumba au la mtu uliyeongea naye. Kurasa za mitandao zenye picha nzuri na bei ya kushangaza, zinazotaka malipo yote ya siku tano leo hii kwa sababu "nafasi imebaki moja", ziache zibaki na nafasi yao.

Chumba cha Jambiani walipie siku ya kwanza tu hata wakishafika. Kikiwa na joto au kelele, wahamie cha pili. Ni kijiji, utatembea dakika kumi.

Jozani njiani, na fedha taslimu

Siku ya pili watoke mjini mapema, saa mbili. Vituo vya kupakilia vimehamahama kutokana na ujenzi, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani, uliza asubuhi ile, "Gari za Jambiani zinapakilia wapi?" Kabla ya kupanda watoe fedha za siku nne mjini. Mawakala wa simu wapo mashambani, lakini jioni mara nyingi huna wa kumlaumu: fedha taslimu zimewaishia.

Gari inawashusha langoni Jozani, kama kilomita 35 kutoka mjini. Kima punju, wale wenye mgongo mwekundu wasiopatikana popote duniani ila Zanzibar, huonekana karibu na barabara yenyewe, na kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni, hivyo kitambulisho kiwe karibu. Begi waombe kuliacha mapokezi. Saa moja na nusu inatosha kwa msitu na daraja la mikoko. Watoke hapo kabla ya saa saba, kwa sababu gari zinazopita baadaye huwa zimejaza watu wanaorudi kutoka mjini, na dereva hasimami. Kwa njia hii Jozani imegharimu kiingilio na nauli ya ziada tu. Kuiendea kwa safari maalumu kutoka mjini kungekula siku nzima.

Chakula cha 12,000 kinawezekana kwa sharti moja: mlo mmoja tu kwa siku uwe wa mezani penye menyu. Asubuhi chai na boflo au chapati, mchana wali wa mama lishe, jioni mjini urojo. Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni Mji Mkongwe, nenda, lakini uliza bei ya kila kijiti kabla hakijarudi motoni. Jambiani ukiamka mapema ukafika diko wavuvi wanaposhusha, unaweza kununua samaki na kumlipa mwenye nyumba ampike; hilo walipange jana yake. Na kijijini, ukitoka ufukweni, jifunge kanga. Hakuna atakayekukemea usipojifunga, ila salamu zitakuwa fupi.

Kwa ndugu anayekuja kuungana nao kutoka Ulaya au Marekani na pasipoti ya kigeni, hesabu ni nyingine kabisa: tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wa nje kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na boti na viingilio vyake ni kwa bei ya mgeni. Asiingizwe kwenye mgawanyo wa 850,000. Mambo yake yaandikwe karatasi ya pembeni.

Kurudi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini walale mjini siku ya tano wakati wangeweza kubaki Jambiani. Kwa sababu boti ya asubuhi huondoka saa moja, na hakuna gari ya shamba ya kuaminika itakayokufikisha bandarini saa kumi na mbili. Teksi ya alfajiri kutoka Jambiani ingegharimu kuliko chumba cha mjini.

Kusi ya Juni huifanya safari ya kurudi Dar iwe ngumu kuliko ya kuja, kwa kuwa boti inaelekea kusini kwenye mawimbi. Kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma. Viti vya mbele vina mandhari nzuri na mruko mkubwa. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa moja kabla, sio boti ikishaanza kuyumba. Jana yake jioni sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, boti zinaweza kusitishwa. Kwa sababu hiyo treni ya kurudi iwe ya jioni, na siku inayofuata kazini pasiwe na mtihani wa kusimamia.

Zile 117,000 zisiguswe Forodhani usiku wa mwisho. Boti ikifunga gati Dar nazo zikiwa bado mfukoni, zitalipa bajaji hadi stesheni na chakula cha ndani ya treni.